Jina la Wasio na Ng'ombe

Leo tuzungumzie majina ya makabila, hasa yale ambayo watu hawakujichagulia wenyewe, walipewa na majirani. Ni mada inayopendwa sana vijiweni, maana kila mtu ana hadithi yake: Wagogo na magogo, Wanyamwezi na mwezi, na nyingine nyingi. Hadithi hizo ni tamu na nitazigusa, lakini hoja yangu iko kwingine. Ninachodai ni kwamba ubaya wa jina la kupewa haupimwi kwa tusi lililomo. Matusi mengi yamezaa majina ambayo leo watu wanayabeba kwa fahari. Jina linalodhuru ni lile linalomtaja mtu kwa kitu alichokosa, kisha likawahi kuingia katika daftari la serikali kabla ya jina lake mwenyewe. Hapo kile alichokosa machoni pa jirani hugeuka kuwa haki aliyokosa mbele ya sheria. Na katika nchi zetu hizi sijui mfano ulio wazi kuliko jina Dorobo.

Tuanze na Kimaasai, maana huko ndiko neno lilikotoka. Mtu asiye na mifugo, anayeishi kwa kuwinda na kurina asali, Wamaasai humwita ol-torroboni; wakiwa wengi ni il-torrobo. Ndani ya neno hilo mna umaskini. Kwa mfugaji, ng'ombe ni chakula, ni mahari, ni fidia ya damu, ni njia ya kupata rafiki, na asiye naye huonekana ni mtu aliyeanguka, au ambaye hakuwahi kusimama. Misafara ya pwani ilipokatiza Umasaini katika karne ya 19 ililiokota neno hilo likawa Wandorobo. Wazungu nao, waliopita njia zilezile wakiongozwa na wapagazi na wakalimani wa Kiswahili, wakaandika Dorobo. Mfugaji alimwambia mfanyabiashara, mfanyabiashara akamwambia mpelelezi, mpelelezi akamwandikia gavana. Mwenye kuitwa hakuulizwa. Tangu hapo neno likabandikwa kila palipoonekana mtu mwenye upinde na mzinga wa nyuki. Ogiek wa msitu wa Mau wakawa Wadorobo, na Ogiek wa Chepkitale katika Mlima Elgon vilevile. Sengwer wa milima ya Cherangani, Wadorobo. Yaaku wa msitu wa Mukogodo huko Laikipia, Wadorobo. Akie wa nyika za Kiteto na Kilindi, upande wa Tanzania, nao ni Wadorobo midomoni mwa wengi hata sasa. Lakini hebu zisikilizeni lugha zao. Kiogiek na Kiakie ni ndugu wa Kinandi na Kikipsigis. Kiyaaku ni lugha ya Kikushi, yenye undugu na Kisomali na Kioromo, ambayo wenyewe waliiacha hatua kwa hatua mwanzoni mwa karne ya 20 walipoanza kufuga na kuoana na Wamaasai. Hawa wote hawakuwahi kuwa na baraza moja, wala mzee mmoja wa kuwaamua, wala tambiko la pamoja. Kuwaita kabila moja ni sawa na kuwaweka Mmakonde na Mwiraqw katika kabila moja kwa kuwa wote wanalima mahindi.

Na tuangalie jina hilo lilificha nini. Ogiek wa Mau hawakuwa watu wanaozurura msituni wakiokoteza. Kila ukoo ulikuwa na ukanda wake wa msitu, unaopanda kutoka chini penye joto hadi juu penye baridi na mianzi. Sababu yake ni nyuki. Miti haichanui maua wakati mmoja. Maua ya chini yana msimu wake na ya juu yana wake, na nyuki huyafuata. Ukoo wenye ukanda mrefu kutoka bondeni hadi mlimani huwa na mizinga inayojaa kwa zamu mwaka mzima. Mipaka ya kanda hizo ilikuwa mito, vilima na miti inayojulikana, na mtu hakuweza kutundika mzinga katika ukanda wa ukoo mwingine bila ruhusa. Hiyo ni milki ya ardhi, tena iliyopangwa kwa akili. Asali iliyotoka humo ilikwenda hadi kwa Wamaasai wenyewe, waliohitaji pombe ya asali katika sherehe zao za tohara na za kubadili rika. Mfugaji alijua vizuri thamani ya jirani yake wa msituni. Aliponunua asali alijua ananunua kwa mwenye mali. Lakini alipotamka jina, alitaja ng'ombe ambao hawakuwepo.

Jambo hili halikuanzia Umasaini wala halikuishia hapo. Katika lugha za Kibantu, kuanzia maziwa makuu hadi kusini kabisa mwa Afrika, kuna shina la neno ambalo wakulima wamelitumia kwa watu waliokuwa wakiishi kwa kuwinda au kuvua: Watwa wa Rwanda, Burundi, Uganda na Congo, Watwa wavuvi wa mabwawa ya Zambia, abaTwa kwa Wazulu, na Basarwa kwa Watswana. Watu hawa wametengana kwa maelfu ya kilomita, na wengi wao hawana uhusiano wa damu wala wa lugha. Wanachoshirikiana ni nafasi waliyopewa machoni pa mkulima. Hata jina San, ambalo leo linatumiwa kwa heshima badala ya lile la dharau walilolitoa makaburu, lina asili hiyohiyo: ni neno la Wakhoekhoe, ambao walikuwa wafugaji, kwa watu waokotao chakula na wasio na mifugo. Huko Lamu, Waaweer wamejulikana kwa jina Waboni, linalohusishwa na neno la Kisomali la kumwita mtu wa tabaka la chini, na hata msitu wao na hifadhi ya taifa iliyomo vimesajiliwa kwa jina hilo. Na katika msitu wa Ituri wako Wambuti, Waefe na Waasua, kila watu na jina lao. Kiswahili kikawamaliza wote kwa neno mbilikimo, Ulaya ikawamaliza kwa neno la Kigiriki la kipimo cha kutoka kiwiko hadi ngumi. Mfugaji alihesabu ng'ombe, mkulima akaangalia shamba, na wageni waliotoka mbali wakapima urefu. Kila mmoja alikuja na rula yake na kumkuta mwenzake amepungua.

Sasa najua msikilizaji mmoja ameshaanza kunipinga, na pingamizi lake lina nguvu. Atasema: makabila mengi Afrika ya Mashariki yana majina ya kupewa, mbona hayalalamiki? Ni kweli. Simulizi iliyozoeleka Dodoma ni kwamba Wagogo walipewa jina na Wanyamwezi wa misafara waliowakuta penye magogo. Wanyamwezi wenyewe waliitwa hivyo na watu wa pwani, kwa kuwa walitoka magharibi, upande ambao mwezi mwandamo huonekana. Kabla ya hapo mtu alikuwa wa Unyanyembe au wa himaya nyingine kwa jina la mtemi wake. Sukuma maana yake ni kaskazini tu. Kwa mtu aliyesimama Tabora, wa kaskazini ni msukuma na wa kusini ni mdakama, na ukisogea kituo chako na majina yanasogea. Ilihitajika serikali, ya Wajerumani kisha ya Waingereza, kuugandisha upande wa dira ukawa kabila ambalo leo ndilo kubwa kuliko yote Tanzania. Wanandi nao, inaelezwa kwamba wafanyabiashara wa pwani waliwafananisha na mnandi, yule ndege wa majini mwenye ulafi, kwa jinsi walivyoivamia misafara. Hilo ni tusi kamili. Lakini mwambie Mnandi leo abadili jina uone.

Nakubali yote hayo, na ndiyo maana nilisema tangu mwanzo kwamba tusi silo kipimo. Linganisheni Wanandi na Ogiek, ambao ni majirani na lugha zao ni za ukoo mmoja. Wanandi walipigana na Waingereza kwa miaka kumi hivi, mpaka Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei alipouawa na vita vikaisha. Walinyang'anywa ardhi nyingi na kusukumwa katika eneo dogo. Hata hivyo eneo hilo liliandikwa Nandi. Jina lenye tusi lilikuwa na mipaka kwenye ramani, lilikuwa na machifu, na baraza, na baadaye wilaya. Nyamwezi, Sukuma na Gogo vilevile: majina yao yaliingia daftarini pamoja na ardhi. Jina la aina hiyo huweza kusahau mzaha uliolizaa, kwa sababu wenye nalo wana mahali pa kusimama wanapolijaza maana mpya. Dorobo liliingia daftarini bila chochote nyuma yake. Lilikuwa jina la hali, na hali haipewi wilaya.

Ushahidi wa hili uko katika Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1932 chini ya Jaji Morris Carter ili kuamua ardhi ya Waafrika iishie wapi. Tume ilisikiliza makabila moja baada ya jingine, na ilipofika kwa waliokuwa wakiitwa Dorobo, pendekezo lake lilikuwa kwamba kadiri itakavyowezekana watolewe msituni, wahamishiwe katika maeneo ya makabila makubwa wanayokaribiana nayo, wamezwe humo. Lifuateni wazo hilo mpaka mwisho wake. Kama watu hawa ni maskini tu waliopoteza ng'ombe, mabaki ya makabila mengine, basi kuwarudisha kwa wenye ng'ombe ni hisani. Msitu hauna mwenyewe, na serikali ikiutangaza kuwa hifadhi haimnyang'anyi mtu. Wajumbe wa tume hawakuhitaji kuwa na nia mbaya. Neno walilolikuta mezani lilikuwa limeshafanya nusu ya kazi. Kama mezani pangekuwa na majina ya koo za Ogiek na kanda zao za mizinga, swali lingekuwa jingine kabisa: tunawalipa nini wenye msitu?

Mtu anaweza kudhani hayo yalizikwa na ukoloni. Hayakuzikwa. Oktoba 2009 mamlaka ya misitu ya Kenya iliwapa wakazi wa Mau, Ogiek wakiwemo, siku 30 wawe wameondoka. Shauri likaenda kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na kutoka huko likafikishwa mwaka 2012 mbele ya Mahakama ya Afrika, yenye makao yake Arusha. Miongoni mwa hoja za serikali huko ilikuwa kwamba Ogiek si kabila la peke yake. Ni mchanganyiko wa watu wa jamii mbalimbali, na kwamba wamebadilika, hawaishi tena maisha ya kale. Hiyo ndiyo maana ya Dorobo iliyovaa suti ya wakili. Hukumu ilitolewa tarehe 26 Mei 2017. Mahakama iliwatambua Ogiek kuwa jamii ya asili yenye uhusiano wake na msitu wa Mau, ikakuta vifungu saba vya Mkataba wa Afrika vimevunjwa, na ikaikataa pia hoja kwamba wao ndio walioharibu msitu. Ilisema uharibifu ulitokana zaidi na uvamizi wa watu wengine, na serikali yenyewe kumega msitu kwa ajili ya makazi na kutoa vibali vya ukataji miti. Tarehe 23 Juni 2022 ikafuata hukumu ya fidia: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara mengine yasiyo ya mali, pamoja na amri kwamba ardhi yao ipimwe na wapewe hati ya pamoja.

Kesi ya Waendorois ilikuwa na sura hiyohiyo ingawa wao ni wafugaji. Waliondolewa kando ya Ziwa Bogoria katika miaka ya 1970 ili kupisha hifadhi ya wanyama, na walipodai haki, moja ya majibu ya serikali lilikuwa kwamba hao ni Watugen tu. Tume ya Afrika iliamua kwa upande wao, na uamuzi ukatangazwa Februari 2010. Ziwa lenyewe lilikuwa limeandikwa kwenye ramani za kikoloni kwa jina la Hannington, askofu Mwingereza aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Jina la askofu lilipata nafasi ramani nzima. La wenye malisho halikupata hata herufi moja.

Pingamizi la pili ni la wasomi, na ni gumu zaidi kuliko la kwanza. Wanasema: unazungumza kana kwamba kuna jina la kweli lililofichwa chini ya jina la uongo, lakini majina ya kujiita nayo ni ya kubuni. Na wana mifano mizuri, mmoja wao unatuhusu sisi watu wa redio. Jina Kalenjin halina hata miaka mia moja. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili mtangazaji John Chemallan alikuwa akifungua matangazo yake ya Kinandi kwa kusema maneno yenye maana ya "nawaambieni". Wanafunzi wa shule ya Alliance waliotoka Nandi, Kipsigis, Keiyo, Tugen na kwingineko, wakijikuta wachache katikati ya Wakikuyu na wengineo, wakaligeuza neno hilo la redioni kuwa jina lao la pamoja. Mwaka 1948 kikaundwa chama cha Kalenjin mjini Eldoret. Mijikenda nalo lilishika katika miaka hiyohiyo ya 1940 badala ya Wanyika, jina walilopewa na sisi wa pwani. Yote mawili yalikuwa majina ya siasa, yaliyotungwa na vijana waliosoma na wafanyakazi wa mjini ili wengi wasikike kwa sauti moja.

Sioni kwamba hilo linaivunja hoja yangu. Linaisahihisha, na nashukuru kwa sahihisho. Sitetei usafi wa majina ya kale, kwa sababu hakuna jina lililoshuka na mvua. Ogiek wenyewe wana koo na makundi mengi, na Ogiek wa Mau na wa Elgon hawafanani kwa kila kitu. Tofauti iliyopo kati ya Kalenjin na Dorobo ni ya mamlaka: la kwanza waliitwao walilishika wenyewe, wakaamua nani aingie, na wanaweza kuendelea kubishana juu yake hadi kesho. Wapokot wamo au hawamo? Wasabaot je? Ubishi huo ni mali yao. Ndani ya Dorobo hapakuwa na ubishi wa namna hiyo, kwa kuwa hakuna aliyejiita hivyo hata apate la kubishania. Na tazameni Wanyika walivyofanya. Jina la zamani liliwataja kwa nyika, kana kwamba wametupwa huko. Jipya liliwataja kwa miji yao tisa, yaani kwa makaya, vijiji vya asili vilivyozungushiwa misitu. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza misitu hiyo ya makaya katika orodha ya Urithi wa Dunia, na imeandikwa kwa jina la Mijikenda. Jina walilochagua lilikuwa tayari limetaja ardhi.

Kutoka Tanzania najua litakuja pingamizi la tatu. Wenzetu watasema: sisi tuliachana na mambo haya. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967, Watanzania wote ni wenyeji, na kuanza kuchagua nani ni wa asili zaidi ni kuirudisha mbegu ya ukabila. Ni hoja ya heshima, na umoja uliojengwa juu yake si mdogo. Lakini kutouliza kabila kwenye sensa hakuyafuti majina mitaani, wala hakulindi ardhi. Wadatoga wamekuwa wakiitwa Wamang'ati nchi nzima, hata magazetini, na neno hilo pia limetoka kwa Wamaasai: maana yake ni adui. Wabarabaig, ambao ni Wadatoga, walipoteza malisho makubwa katika tambarare za Hanang kwa mashamba ya ngano ya shirika la NAFCO yaliyoanzishwa kwa msaada wa Canada. Watu wa kijiji cha Mulbadaw walipofungua kesi, Mahakama ya Rufani mwaka 1985 iliwanyima ushindi, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi iliyorithiwa kutoka kwa Mwingereza. Katika nchi ambamo wote ni wenyeji, wao walitakiwa walete ushahidi wa uenyeji. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, waliozoeleka kuitwa Watindiga na majirani, walipata bahati tofauti. Mwaka 2011 jumuiya zao za bonde la Yaeda zilipewa hati ya kimila ya pamoja kwa zaidi ya hekta 20,000. Sheria ya ardhi ya vijiji ilitosha; hakuna aliyevunja umoja wa taifa. Nchini Rwanda wamekwenda mbali zaidi kwa kutoyataja makabila kabisa katika mambo ya serikali, kwa sababu ya mauaji ya kimbari yaliyotokea huko, sababu ambayo siwezi kuidharau. Matokeo kwa Watwa ni kwamba wanatajwa kwa maelezo marefu ya watu walioachwa nyuma na historia. Burundi jirani imechagua njia nyingine: katiba inawatengea Watwa viti vitatu bungeni na vitatu katika seneti, kwa jina lao. Ni vigumu kudai viti kwa jina la kuachwa nyuma.

Kuna jambo ambalo haifai tulikwepe sisi wasemaji wa Kiswahili. Lugha yetu haikuwa tarishi tu wa majina haya. Wanyika, washenzi, mbilikimo, haya ni yetu. Neno Wandorobo lilipita kinywani mwetu kabla ya kufika kwa Mzungu, na lilipofika kwetu lilikutana na ndorobo, yaani mbung'o, mdudu anayeua ng'ombe. Hapo mtu asiye na ng'ombe alipata jina moja na adui wa ng'ombe. Ni kichekesho kwamba sisi wenyewe tunaitwa kwa neno la Kiarabu la pwani, tulilopewa na mabaharia waliotuona kutoka chomboni. Lakini sisi tulikuwa na miji ya mawe, na bandari, na wino wa kuandikia, kwa hiyo jina la kupewa halikutugharimu. Siamini kwamba dawa ni kupiga marufuku maneno. Mtu akisema Mdorobo kwa kutojua, haki ya ardhi haiongezeki kwa kumkaripia. Lakini mtangazaji, mwandishi wa habari, karani wa sensa na mwalimu wa jiografia hawana kisingizio cha kutojua, kwa kuwa Ogiek, Akie, Aweer na Hadzabe ni maneno mafupi na mepesi kutamka.

Na huko kwa karani wa sensa ndiko mambo yanakoamuliwa sasa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 63, inasema ardhi ya jamii itamilikiwa na jamii zinazotambulika kwa ukabila, utamaduni au maslahi ya pamoja, na inazitaja wazi ardhi za jadi za wawindaji. Kwa hiyo kuwemo kwenye orodha kuna uzito ambao haukuwepo zamani, Wakenya walipokuwa wakikaririshwa shuleni kwamba makabila ni 42 na basi. Sensa ya 2009 ilihesabu Ogiek 78,691. Ya 2019 ikahesabu 52,596. Katika miaka hiyo kumi hakukuwa na njaa wala tauni iliyomaliza theluthi ya kabila. Idadi ya kabila kwenye sensa hutegemea mtu anajitajaje mbele ya mgeni mwenye kishikwambi, na mgeni anachagua neno gani kwenye orodha aliyopewa. Maelfu waliohesabiwa Ogiek mara ya kwanza lazima wamo mahali fulani katika ya pili, chini ya jina jingine. Wakati huohuo amri ya Arusha ya 2022 inataka ardhi ya Mau iwekewe mipaka na hati itolewe, na kwamba hayo yafanyike kwa kushauriana na Ogiek wenyewe. Mpima ardhi hawezi kuanza na takwimu hizo mbili zinazopingana. Atahitaji orodha ya wenye hati, na orodha pekee iliyo tayari ni ile ya koo, mito yao, vilima vyao na mahali mizinga yao inapotundikwa, ambayo wazee wa Mau wanaijua kwa kichwa na ambayo tume ya 1932 haikuiomba.